Maji au Nyama

Jumatatu, Ibra, saa moja na nusu asubuhi, kabla ya mashine.
Zayana anavua viatu, anavua bangili,
anavua hata saa, asiidanganye mizani,
kisha anapanda kama mtu anayepanda kizimbani.
Hamsini na moja, nukta nne.
Nesi Bindu hafurahi wala hanuni. Anauliza tu,
kwa Kiarabu chake chenye mvua za kwao:
hii iliyoongezeka, ni maji au ni nyama?

Tangu mwaka juzi nyumba yetu inaishi ndani ya swali hilo.

Miye niliyekuwa karani wa forodha miaka thelathini,
niliyelijua kontena kwa kulitazama mlango,
sasa nakagua kiazi.
Nakimenya, nakikata, nakiloweka usiku kucha,
nakichemsha, namwaga maji, nakichemsha tena,
mpaka kile kinachoudhi figo kimeniaga
na ladha nayo imefuata mkumbo.
Muhogo hivyo hivyo, ule alioupenda Unguja
kabla hajaanza kunifikiria mimi.
Anaonja. Anaweka kijiko chini.
“Hiki ni kiazi,” anauliza, “au ni habari za kiazi?”

Weupe wa mayai manne kwa siku, wamesema.
Viini nani avile? Navila mimi.
Sasa daktari wangu naye kaanza kunitazama vibaya.

Na tende. Ee Mola, tende.
Nchi hii mgeni hajakaa sawasawa sahani imeshafunuliwa,
na yeye, kwake, amekuwa mgeni wa tende moja.
Huila kwa vipande vitatu,
kisha kokwa hubaki nayo mdomoni mpaka adhuhuri.
Nimeiona ikitembea shavuni. Sikusema kitu.

Bi Ghaniya wa lishe alitupa makopo,
maziwa mazito yanayonuka vanila na hospitali.
Mwezi mzima Zayana aliyamwaga kwenye mdimu wa uani.
Mdimu ukanawiri. Yeye mabega yakatoka ncha.
Nilipogundua sikugomba.
Nilitia iliki, nyuzi mbili za zafarani,
nikamimina katika finjani ya kahawa, kidogo tu,
nikasimama mbele yake na birika mkono wa kushoto
kama kijana wa kwenye harusi.
Akanywa. Nikaongeza. Akanywa.
Hakuitikisa finjani mpaka ya sita.

Leo wameleta fomu. Moja mpaka tano:
unakifurahia chakula? Unalala? Unapanda ngazi?
Anajibu tatu, tatu, tatu,
kama anayepokea chenji kwa muuzaji asiyemwamini.
Halafu anamsogezea Bi Ghaniya karatasi.
“Mwanangu, mbona hamkuuliza
lini mara ya mwisho mimi nilimwambia mtu:
ongeza, bado hujala?”
Bi Ghaniya anatafuta kisanduku chake.
Hakuna. Anaandika pembeni, kwa penseli.

Kisha kile chuma cha kuminya kwa kiganja.
Wiki sita nyuma: kumi na moja.
Leo anakiminya, midomo ndani, macho kwangu,
kama ndiye mimi aliyeshikwa.
Kumi na sita.
Bi Ghaniya anamgeukia Bindu: “Maji hayaminyi.”

Hatukusema neno njia nzima. Redio ilisema.

Jumanne, siku isiyo ya mashine, alinitoa jikoni.
Akapika wali wa samli na kuku wa watu wanane
kwa Bi Moza wa jirani na wanawe, ambao hawazidi watano.
Yeye alikula kilichoruhusiwa, mezani nao,
huku akimsakama yule mdogo:
“Hiyo ndiyo sahani? Paka wangu anakushinda.”
Mtoto akaongeza.
Walipoondoka, akafunga chupa ya kahawa
akaenda kulala kabla ya isha haijapoa.

Saa nane usiku nikatamani kikombe.
Nikazungusha kifuniko. Nikafunika na kitambaa, nikazungusha.
Nikaibana chupa kwapani.
Hakikufunguka.